Mashine ya Misumari ya Fundi Lemburis

Mbao za loliondo zikipigwa randa hutoa harufu kavu, yenye uchungu kidogo, inayokaa puani hata baada ya kunawa uso. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, harufu hiyo ilijaa nyumba mpya ya mchungaji pale kwetu Karatu. Baba yangu, Fundi Tluway, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kutandika sakafu ya sebule. Kwa kuwa mbao zilikuwa adimu, zilipasuliwa nyembamba ili zitoshe chumba kizima. Ubavuni kila ubao ulichongwa ulimi wa kuingia kwenye mfereji wa ubao mwenzake, na msumari ulipaswa kupita kwa mshazari kwenye ulimi huo ili usionekane. Baba alikuwa ametengeneza milango ya nusu ya majirani zetu, lakini sakafu ya namna hiyo hakuwahi kuigusa, na jambo hilo hakumwambia mtu.

Mchungaji akamleta fundi wa kumsaidia, Lemburis, Mmasai wa Olbalbal aliyewahi kujenga hoteli kule juu, ukingoni mwa kreta. Alikuja na keke ya kutobolea matundu, nyundo nyepesi, na mashine nzito ya chuma iliyofungwa kwenye gunia. Mashine hiyo uliiegemeza kwenye ubao, ukaigonga kwa nyundo ya mpira, nayo ikazamisha msumari kwa pigo moja. Siku ya kwanza Lemburis aliifungua, akapapasa ulimi wa ubao mmoja kwa kidole gumba, kisha akaifunga tena.

"Hii ni ya mbao nene, Mzee Tluway," alisema. "Misumari yake ni minene. Ulimi wa hizi utapasuka."

Baba aliitikia tu. Nyumbani alimwambia mama, "Yule anaficha kazi. Anataka mchungaji aone kwamba bila yeye hakuna sakafu." Majirani nao hawakukosa la kusema. Mchunga ng'ombe amepata wapi mashine kama ile? Ameiiba hotelini, hakuna jingine. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na maneno hayo niliyameza yote. Kwa hiyo baba aliponiambia, "Rebeka, ukipeleka chai kaa kidogo, uniangalizie anavyofanya nisipokuwepo," nilijiona nimepewa kazi kubwa.

Nilikaa mlangoni na birika, nikimtazama kama mtu anayesubiri mwizi anyooshe mkono. Sikuona cha kushtaki. Alitoboa tundu jembamba kwa keke, akapaka msumari mwembamba sabuni ya mche, akaugonga taratibu, na pigo la mwisho akalimalizia kwa kipande cha chuma ili nyundo isiguse ubao. Kisha akahamia tundu lingine. Nilipomsimulia baba, alisema, "Anajivuta makusudi."

Jumamosi moja Lemburis alikwenda kwao kuwaona watoto, akaacha vifaa vyake palepale. Mchana mama alinituma nikamwite baba aje kula. Kabla sijafika mlangoni nilisikia pigo zito, kisha mlio mkavu kama kuni inayovunjwa. Nilichungulia dirishani. Baba alikuwa amepiga magoti, ameinamia ile mashine. Akapiga tena, ubao ukalia tena. Niligeuka nikarudi nyumbani, nikamwambia mama kwamba baba ana kazi nyingi.

Jumatatu, Lemburis akiwa amerudi kazini, mchungaji alikuta mbao tano zimepasuka kandokando ya ukuta. Nilikuwa nimeleta chai.

"Nilikwambia mtu huyu simwamini," baba alimwambia mchungaji, bila kumtazama Lemburis.

Lemburis alichuchumaa, akang'oa msumari mmoja, akauzungusha vidoleni. Ulikuwa mnene, wa mashine. Bila shaka alielewa kila kitu. Lakini akaanza kukusanya vifaa vyake. Mchungaji naye hakumzuia. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Baba," nilisema, "Jumamosi nilikuona na mashine."

Nilingoja kofi. Baba akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kujua kama ananidanganya." Lemburis alirudisha keke sakafuni, akaisogeza kwa mguu hadi mbele ya baba. "Shika hivi, mzee," alisema. "Usiisukume. Iache ikate yenyewe."

Walimaliza sakafu pamoja. Baba hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba, na kwa wiki nzima nilipomwamkia aliitikia akiangalia kwingine.

Siku hizi naishi Arusha, na vijana wanaotandika sakafu wana bastola za upepo zinazopiga misumari myembamba kama sindano. Wakikwama wanaulizia kwenye simu, mbele ya mwenye nyumba, bila haya. Nawaonea wivu. Baba alikuwa fundi hodari kuliko wengi wao, lakini katika Karatu ya wakati ule, mtu wa umri wake kusema "nifundishe" ilikuwa kama kuvua nguo sokoni. Akaona ni afadhali amwite mwenzake mwongo.