Maua Matatu ya Wino

Harufu ya kitambaa kilicholowa kikipigwa pasi ya moto hunirudisha Nyamirambo, mtaa nilikokulia, hata nikiwa kazini. Naiona sebule yetu, cherehani mbili, vipande vya kitenge sakafuni, na ukutani picha ya mjomba.

Mjomba huyo, kaka yake Mama, sikuwahi kumwona. Walikulia pamoja ukimbizini Karagwe, upande wa Tanzania, na huko ndiko alikochora kilima cha malisho baada ya mvua, kimejaa maua ya porini. Alifariki angali kijana. Mama aliporudi Rwanda aliibeba picha hiyo imeviringishwa ndani ya kitenge, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kaka yake.

Mimi, niwaambie ukweli, niliionea haya. Ukiikaribia uliona madoa tu: jekundu hapa, la njano pale, hakuna jani wala bua. Mteja mmoja kutoka Kabeza, mama mpenda mizaha, aliitazama akacheka. "Mama Zawadi, hii picha iko na maua ama iko na vumbi?" Mama alicheka naye. Mimi niliumia kwa niaba yake.

Mnielewe nilivyolelewa. Fundi hupiga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya kushikiza kitambaa, ndipo cherehani ipite. Nguo yenye bandi ikitundikwa mbele ya wateja ni aibu ya nyumba nzima. Kwa akili zangu za miaka minane nikakata shauri: madoa yale ni bandi, na mjomba maskini alikufa kabla ya kushona.

Basi siku Mama alipotoka kupeleka gauni, nilipanda kigoda nikiwa na kalamu nene ya wino mweusi, ile ya kuandikia majina ya wateja kwenye mifuko. Nikayachora upya maua matatu, petali tano tano, kila moja na bua lake. Nilikuwa kwenye la nne mlango ulipofunguka.

"Nimemmalizia mjomba," nikasema kwa fahari.

Mama aliketi juu ya lundo la nguo. "Alikuwa amemaliza, mwanangu."

Hakunichapa. Alinishika mabega akanirudisha kinyumenyume hadi mlangoni, maana nguo haikaguliwi pua ikiigusa, ndivyo alivyowaambia wateja siku zote. Kutoka pale madoa yakashikana. Nyasi zikalala kwa upepo, kilima kikapanda, maua yakawa mengi yasiyohesabika. Na katikati yake matatu yangu, magumu kama vifungo. Nililia hadi kwikwi.

Baadaye mchoraji mmoja wa Gisimenti alimwambia Mama kwamba angeweza kuufuta wino ule. Mama akakataa, nami kwa miaka mingi niliamini ananiwekea ushahidi wa kosa langu.

Sasa ana mtoto wa jicho, anasubiri upasuaji. Jumapili iliyopita nilimkuta kwenye kiti chake pale mlangoni, nikamuuliza kama picha bado anaiona.

"Kilima kimepotea," akasema. "Kaka yangu simwoni tena. Yako matatu nayaona."

Nikavuta kigoda nikakaa kando yake. Kumbe miaka yote hiyo ukutani pale alikuwa na watu wake wawili, kaka na mtoto, kwenye kazi moja, na hakutaka yeyote afutwe. Nilimshika mkono.

"Lile la nne," akaniambia, "uliliacha bila bua."