Adui Niliyemchora kwa Hasira

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa hisabati alinikuta nachora wakati wa kipindi chake. Alilichukua daftari, akalichana mbele ya darasa zima, kisha akanipa vipande nikavitupe mwenyewe. Nilijikaza. Nilikuja kulia nyumbani.

Miaka ikapita. Nikawa naishi kwa kuandika mabango ya maduka hapa Mwanza, na kwa muda wangu nikaanza kuchora hadithi ya katuni ya vitabu vinne. Nilihitaji adui, naye akaja mwenyewe: mwanamke mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, anavuta mguu wa kushoto, ana uwezo wa kunyonya sauti za watu. Akipita sokoni, wauzaji wanabaki kufungua midomo tu. Vitabu viwili vya kwanza nilivichora kwa raha ya kulipiza kisasi.

Viliuzwa kwenye steshenari moja mjini. Siku moja mwenye duka, mzee wa Kihindi, akanipigia simu.

"Njoo upesi. Kuna mama hapa hataki kuondoka mpaka akuone."

Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, vitabu vyote viwili mapajani. Miwani ilikuwa mipya, ila mwalimu ni yuleyule wa hisabati.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Huyu ni mimi."

Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Ndiyo, mwalimu."

Akavifunika vitabu kwa viganja. "Mwaka ule mume wangu alikuwa kitandani. Halali kwa maumivu, na mimi silali. Nikija darasani, kila kitu kinanichoma. Lakini hiyo si sababu ya kumchania mtoto daftari lake. Nisamehe."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikaitikia kwa kichwa. Yeye akafungua kitabu cha pili, kama anayesahihisha mtihani.

"Sasa niambie, hizi sauti anazipeleka wapi? Mtu hahangaiki hivi bila sababu."

Vitabu viwili vizima, nami sikuwahi kujiuliza!

"Mwalimu, naweza kumpa mgonjwa nyumbani, asiyepata usingizi kwa kelele za mji?"

Akafikiri. "Mpe. Ila usimchore anakufa. Wangu alishakufa mara moja, inatosha."

Basi kitabu cha tatu kikaingia ndani ya nyumba ya yule adui. Katika cha nne, watu wa sokoni wanajua siri yake, wanamfuata wakiwa wamevua viatu, wanaahidi kuuza kwa ishara za vidole mpaka mgonjwa apone. Anawarudishia sauti zao akilia.

Kila rasimu nilimpelekea nyumbani kwake Butimba. Mimi ni wa Ukerewe, r na l hunichanganya hadi leo; kila nilipoandika "karamu" nikimaanisha "kalamu", alizungushia wino mwekundu. Hakuna aliyewahi kuisoma kazi yangu kwa makini namna ile. Namshukuru kwa hilo kuliko hata kwa ule msamaha aliouomba.

Vilipokamilika vyote vinne, tulikwenda pamoja kwenye shule moja ya Usagara kuwasomea wanafunzi. Msichana mmoja akasimama, akasema yule mwanamke alistahili kufungwa. Mwenzake akamjibu kwa ukali, "Wewe hujawahi kuuguza." Wakabishana darasa zima. Mwalimu wangu, aliyekaa nyuma, hakuwanyamazisha.