Ua Usizidi Kiuno

Watu wa siku hizi wakitaka habari za vijiji vya ujamaa huniuliza shamba la pamoja lilikuwaje, duka la ushirika lilikuwaje. Mimi ninachokumbuka ni ua. Ua wa minyaa nyuma ya nyumba yangu ulinisumbua akili kuliko shamba lolote, na siku mambo yake yalipoisha nilipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. Shule nimeijulia kwenye kisomo cha watu wazima, jioni, mikono bado ina udongo wa jembe. Kwa hiyo nitasema kama ninavyosema. Anayetaka mapambo akanunue kanga.

Kabla ya Operesheni ya kutuhamishia vijijini kila mtu alikaa kwake kilimani, ng'ombe katikati, nyumba zimewazunguka. Mji wangu niliujenga mwenyewe. Sikurithi hata fimbo. Nilichimba mashimo ya dhahabu ya watu kule Nyangoto, nikafyatua matofali ya wamisheni, nikanunua ndama mmoja mmoja mpaka nikaoa kwa ng'ombe wangu, si wa baba. Halafu serikali ikasema shukeni bondeni, upande huu wa Ringwani, mkae kwa mistari. Tukashuka. Kijana wa wilaya akavuta kamba, akapigilia vigingi, akasema milango yote itazame barabara, mstari wa mbele na mstari wa nyuma.

Mimi nikapewa mstari wa mbele. Nilipouliza nani amepewa kiwanja cha nyuma yangu, nikaambiwa ni mjane mmoja aliyetoka mlima wa pili. Mke wangu akashika mdomo. Mjane huyo alikuwa mama yake mzazi.

Asiye Mkurya atasema, vizuri, mmepata jirani wa kusaidiana. Hapana. Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni heshima na ni aibu kwa pamoja. Mama mkwe hutazamani naye. Hukai naye, huli mbele yake, ukikutana naye njiani mmoja wenu anaingia porini mpaka mwenzake apite. Na sasa kamba ya serikali ilikuwa imeweka mlango wake uangalie uani kwangu, mahali ninapooga, mahali ninapomfokea mke, mahali ninapokunywa togwa nimevaa kaptula.

Nilikwenda kwa kijana wa wilaya. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, Kiswahili chake laini.

"Shikamoo mzee," akasema, na mimi wakati huo sikuwa mzee bado.

"Marahaba. Kiwanja changu kibadilishe."

"Kina mawe?"

"Kina mkwe."

Akacheka, akafikiri nimetania. "Mzee, Operesheni haijui mkwe. Wote ndugu."

Basi nikafanya la kwangu. Nikaenda kilimani kwenye mahame yangu, nikakata matawi ya minyaa, nikayachomeka mpakani, yamebanana kama meno. Mnyaa hauna shukrani wala lawama, unaota hata kwenye kokoto. Masika yalipopita na mengine yakaja, ua ulinipita kichwa. Nyuma yake mama mkwe wangu aliishi kwa amani na mimi niliishi kwa amani. Nilimjua kwa kikohozi. Asubuhi akitoka nje anakohoa mara moja, maana yake nipo. Mimi nikitaka kwenda kuoga ninakohoa, naye anaingia ndani. Alikuwa anagandisha maziwa kwenye kibuyu, anampa binti yake aniletee. Mimi nikichinja, mguu unazunguka kwa njia ya barabarani kumfikia. Miaka ile yote sikuwahi kuuona uso wake, na ninakuambia tulipendana.

Kisha akaja fisi.

Sisi hapa mbuga iko mlangoni. Fisi tumewazoea, wanapita. Lakini huyu hakupita. Aligundua kwamba nyua zetu za minyaa, zilizosongamana nyumba hadi nyumba, ni mahali pazuri pa kulala. Jioni moja, jua bado lipo, akatoka kwenye ua wa jirani yangu wa tatu akamshika mama mmoja paja, mama wa watu anaanua nguo. Tulimfukuza kwa mikuki, yule mama akapona, lakini anachechemea mpaka leo. Wezi wa ng'ombe nao walikuwa wamegundua jambo hilo hilo. Unajificha ndani ya ua wa mtu mchana kutwa, unahesabu mifugo yake, giza likiingia unaifungua.

Serikali ya kijiji ikaita mkutano. Kamati ya ulinzi na usalama ikaleta sheria ndogo. Ua wa mtu yeyote usizidi kiuno cha mtu mzima, ili jirani amwone jirani na mgambo apitapo aone uwanja mzima. Asiyekata, faini, na ua wake utakatwa na msaragambo wa Jumamosi, ile kazi ya kijiji kizima. Mwenyekiti akauliza, nani anakubali? Mimi nilikuwa mgambo, na ni mimi niliyembeba yule mama mgongoni damu ikinichuruzikia mguuni. Nikanyoosha mkono wa kwanza. Sijutii. Fisi ni fisi.

Nilifika nyumbani kifua mbele. Mke wangu alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho.

"Nimesikia umenyoosha mkono."

"Wa kwanza kabisa."

"Vizuri. Umenyoosha mkono kumvua mama yangu nguo."

Nikasimama pale. Haki ya Mungu, sikuwa nimeuwaza ule wangu. Nilipokuwa mkutanoni niliona nyua za watu wengine tu.

"Nitarudi kwetu," akasema.

"Kwenu si hapo nyuma?"

Nilidhani atacheka. Akasukuma ungo. "Baba watoto, sikiliza. Mama ameshafunga mzigo. Anasema ua ukikatwa yeye hawezi kukaa uchi mbele ya mkwe. Anarudi kwenye mahame yake mlimani."

"Mahame gani? Nyumba ilishabomolewa. Hakuna mtu kule."

"Anasema fisi wa kule hawana ensoni naye."

Ajuza, peke yake, kwenye kilima ambacho kila familia imekihama, na sheria tuliyoitunga kumzuia fisi ndiyo inampeleka kwa fisi. Na mimi siwezi hata kwenda kumwambia, mama, usiende. Kinywa changu hakina ruhusa.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Yeye na mimi tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo hatuna kuheshimiana. Kwetu mtu wa rika lako anaweza kukutukania hata kofia.

"Karibu, mtunga sheria," akanipokea. "Panga umeshanoa?"

"Acha ujinga. Niruhusu niache kipande kimoja. Cha nyuma."

"Kwa sababu ya mama mkwe."

"Unajua?"

"Kijiji kizima kinajua. Siku uliponyoosha mkono wanawake walikupigia vigelegele, ulidhani wanakusifu?" Akacheka mpaka akakohoa, mwenye rika hana huruma. Kisha akakaa sawa. "Sikia. Mimi pia nina mkwe. Lakini nikikuachia wewe, kesho kila mwenye ua atakuwa na mkwe. Wengine watazaa wakwe usiku kucha. Na yule mama mwenye paja nitamwambia nini?"

Nikageuka niondoke.

"Lete mkutanoni," akasema. "Ijumaa, kabla ya msaragambo. Yule kijana wa wilaya atakuwepo."

"Nitasemaje mbele za watu? Na mama mkwe naye atakuwepo!"

"Basi omba asubuhi hiyo upate ububu wa heshima."

Ijumaa tukakusanyika nje ya godauni la ushirika. Wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mimi nikachagua gogo lililotazama barabara, nikawapa wanawake mgongo. Nilijua yumo. Kile kikohozi nilikisikia, kimoja.

Mwenyekiti akafungua, akasema yupo mtu ana neno kuhusu nyua. Akanitazama. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Mimi niliyekaripia wasimamizi kwenye mashimo ya dhahabu, mimi ambaye sijaogopa mtu, ulimi ukawa ubao.

Ndipo sauti ikatoka kwa wanawake. Sauti ya kizee, kavu, haina haraka.

"Mwenyekiti, mimi ninalo."

"Sema, mama."

"Muulize huyo aliyekaa kwenye gogo, mimi ni adui yake?"

Mwenyekiti akanigeukia. "Unaulizwa, yeye ni adui yako?"

"Mwambie hapana," nikasema. "Mwambie hata kidogo."

"Anasema hapana, mama."

"Muulize, anataka niende mlimani?"

"Unataka aende mlimani?"

"Mwambie akienda nitakwenda kukaa chini ya kilima na mkuki mpaka nioze."

Wanawake wakaguna. Kijana wa wilaya akawa anageuza shingo huku na huku kama anatazama mpira. Akashindwa kuvumilia. "Samahani wazee wangu. Nyote mko hapa. Mnasikiana. Kwa nini hamsemezani wenyewe?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko, hata mama mwenye paja. Mzee mmoja akamshika yule kijana bega, akamwambia, "Mwanangu, wewe oa huku kwanza, utaelewa."

Mama mkwe akangoja kicheko kiishe. "Mwenyekiti, sheria ya fisi ni nzuri. Yule mama ni mwenzangu, nilimsikia akilia. Ua ukatwe. Lakini muulize huyo kijana mwenye kamba. Nani alisema mlango wangu utazame barabara?"

Kijana akasimama. "Ni mpango, mama. Nyumba zote zitazame mbele, kijiji kipendeze."

"Mimi gari sina. Barabara ninaitazama nione nini? Mimi nalima huko nyuma, maji nateka huko nyuma. Mlango wangu uzibwe, utobolewe upande wa mashamba. Nyumba yangu impe mgongo, na yake inipe mgongo. Ua mkate hata mpaka kwenye kisigino."

Watu wakawa wanaiona ile nyumba kichwani, wanaizungusha. Kijana wa wilaya akaanza kusema kwamba mpango umeshapelekwa juu, mstari utaharibika. Mwenyekiti akamkata, lakini kwa adabu, "Ndugu yetu, huo mstari wa kupendeza umemzuia fisi mara ngapi?"

Kijana akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Andikeni kwenye sheria yenu. Penye wakwe, nyumba zigeuziane migongo. Mimi wakiniuliza nitasema ni usalama."

Nilinyoosha mkono wa kwanza. Safari hii niligeuka kuwatazama wanaume nikahakikisha kila mmoja amenyoosha.

Jumamosi ikawa risaga, ile kazi yetu ya kusaidiana, mwenye shida anatoa pombe na wenzake wanatoa mikono. Pombe nilitoa mimi. Mikono ilitoka kwa watu wa rika langu, maana mimi nyumba ile siwezi kuisogelea. Waliziba mlango wa zamani kwa fito na udongo, wakatoboa mpya, wakahamisha jiko likae ubavuni. Mimi nilikuwa upande wangu tu, nawasikia wakinitania kwa sauti kubwa makusudi.

"Mama mkwe wako anauliza, mbona mkwe wake mvivu?"

"Mwongo wewe! Hajauliza!"

"Anasema binti yake angeolewa na mimi."

Ikasikika sauti ya kizee ikicheka. Sikuwahi kuisikia ikicheka.

Ua wangu nilisema nitaukata mwenyewe. Mnyaa una utomvu mweupe, ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, kwa hiyo unakata uso umegeuza. Nikakata hivyo, uso pembeni, tawi baada ya tawi, na nakiri kwamba si utomvu peke yake uliofanya nigeuze uso. Nilipofika mwisho nikabaki nimeinama. Sikutaka kuinuka.

Mke wangu akaja nyuma yangu. "Inuka," akasema. "Tazama."

Nikainuka. Mbele yangu, juu ya ua uliokatwa kiunoni, palikuwa na ukuta. Ukuta mtupu, udongo wake bado mbichi, hauna mlango wala tundu. Kando yake jiko, kando ya jiko ghala lake. Hakuna mtu. Upepo ulipita pale ambapo haukuwahi kupita tangu tulipohamia, na kwa mara ya kwanza niliona uwanja wa jirani yangu wa tatu, na yule mama ameketi mlangoni ameunyoosha mguu wake. Akanipungia mkono.

Nikakaa chini kwenye matawi, utomvu ukanichafua suruali yote, na mke wangu alinigombeza wiki nzima kwa sababu utomvu ule hautoki. Acha agombe. Mzigo wa mama yake ulikuwa umefunguliwa.

Tulibakiza upenyo mmoja kati ya jiko na nyumba, hatukuweza kuuziba maana ndiyo njia ya moshi. Pale tuliendelea na kikohozi. Baadaye nyumba nyingine tatu au nne kijijini zikageuzwa mgongo kwa sheria ile ile, na wapita njia walidhani tumelewa wakati wa kujenga.

Siku ile ile jioni, kabla hatujala, fisi alilia huko mlimani, mbali, kwenye mahame. Nikasikia kikohozi kimoja nyuma ya ukuta, halafu ile sauti kavu ikimwita binti yake.

"Mwambie mumeo ale ashibe. Mimi nipo."