Mwaliko Uliokuja na Bajia

Amekufa mtu aliyeninong'oneza kwa miaka kumi na mmoja, na kabla ndimi za watu hazijaanza kazi, niseme mapema kwamba alikuwa mkutubi. Umri wake ni wa mwanangu wa pili, Mkristo wa Rabai, shati limepigwa pasi hata mfukoni. Alifanya kazi katika maktaba ya chuo kimoja hapa kisiwani, nami nilikuwa, na ningali, nikikaanga bajia na viazi vya karai nje ya lango. Habari nimepewa na bawabu Jumatatu, nikiwa nakoroga unga wa dengu. "Bibi, rafiki yako wa maktaba ametutoka. Kifua." Nikazima jiko. Wanijuao wajua kwamba sizimi jiko kwa jambo dogo. Siku lori lilipogonga nguzo ya stima mbele yangu niliendelea kugeuza viazi.

Mwanzo nilimdhania mgonjwa. Alisimama mbele ya karai, akafungua mdomo, na sauti isitoke. Nikamwambia, "Sema, baba, hapa ni barabarani." Akasogea hadi nikaona meno yake, akanong'ona, "Masalkheri, Bibi. Bajia kumi, na ukwaju kidogo." Tuktuk zapiga honi, makuli wa Kilindini wapita wakitaniana kwa sauti za melini, na yeye ananong'ona. Kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Muuza madafu aliye jirani yangu alidhani tuna siri, akaja kuniuliza kama bwana yule ananiposa. Nilimjibu kwamba mwanamume anayeomba ukwaju kwa kunong'ona hawezi kuposa hata paka, na kwamba mimi nina vitukuu.

Kila baada ya majuma mawili alikuwa akiandika karatasi moja ya habari za maktaba: vitabu vipya vilivyofika, saa za kufungua, makala za mtandaoni ambazo mwanafunzi aweza kuzisoma bure na hajui, siku za mafunzo. Akaibandika ubaoni, akaituma kwenye simu zao. Hakuna aliyeisoma. Ile ya ubaoni ilikaa mpaka ikawa rangi ya chai ya maziwa. Na huko juu, orofa ya pili, kulikuwa na chumba cha kusomea chenye madirisha makubwa na upepo wa bure, na viti vyake havikuwa na watu. Basi akaja mkubwa mpya wa chuo, akasema chumba kisicho na watu kitiwe mbao za kugawanya, kiwe ofisi. Akampa muhula mmoja kuonyesha kwamba watu wanaingia. Mlangoni pake pana chuma cha kuzunguka, ukikisukuma kinakuhesabu. Hesabu ya chuma ndiyo ingeamua.

Siku aliyonieleza hayo ndiyo siku ya kwanza niliyosikia sauti yake halisi. Ilikuwa nene, hata ilinishtua. "Bibi, wakikikata kile chumba hakirudi. Ofisi haijapata kugeuka maktaba." Bajia zilimpoa mkononi. Nikaitwaa karatasi yake nikaisoma polepole, maana shule yangu ilikomea darasa la tatu, na mengine nimejifunzia kwenye gazeti la kufungia vyakula. Ilianza, "Wasomaji wanaarifiwa kwamba." Nikamwambia, "Hii ni habari au ni amri ya polisi? Salamu iko wapi? Nani alikufundisha kuwaita watu bila kuwaamkia?" Akasema ndivyo ofisi huandika. Nikasema ndivyo ofisi hubaki peke yake. Nikamtajia maneno yaliyo kwenye kadi zetu za arusi, naye akayaandika pale pale, amejiinamia juu ya meza yangu ya unga: kwa heshima na taadhima, mnakaribishwa nyote, kufika kwenu ndiyo furaha yetu.

Kisha tukafanya maarifa. Nilimwambia kama watoto wa watu hawaiendei habari, habari iwaendee ikiwa ya moto. Tangu siku ile bajia zangu zikafungwa kwa karatasi za maktaba. Nilimwekea sharti moja: maandishi yawe upande wa nje, wino usiguse chakula changu, na akichapa pande mbili namrudishia mzigo wake. Ikafaa. Mwanafunzi akimaliza kula hana la kufanya ila kusoma alichoshika. Wakaanza kupanda ngazi, mmoja, wawili, vidole vimejaa mafuta, hata ikambidi aweke ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Kijana mmoja mrefu alinisimulia alivyomnong'oneza, "Vizuri umekuja, mwanangu. Sasa rudi ukanawe."

Chuo kikafungwa likizo. Nikachukua karai yangu nikakaangia nyumbani, mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, barazani kwangu, na karatasi zilizosalia nikaenda nazo. Hapo ndipo nilipokosea, na sitamtupia mtu mwingine lawama. Sikufikiri. Karatasi ya mwisho ilisema Jumatano, baada ya saa nane mchana, chumba cha juu, kutakuwa na maonyesho ya hazina za maktaba, na mnakaribishwa nyote kwa heshima na taadhima. Kwetu neno hilo halichezewi. Mwaliko ukishafika nyumbani, tena umefika na chakula, ukiukataa umewatukana watu. Jumanne jirani yangu, mwanamke wa kimo kifupi na maneno marefu, akaja na karatasi yenye doa la ukwaju.

"Mwenzangu, ni arusi ya nani hii?"

"Si arusi. Ni maktaba."

"Mwenyewe ni nani?"

"Ni ya chuo."

"Basi chuo kimetukumbuka! Miaka yote tukipita langoni kama mbuzi wa mtaani. Tutakwenda. Twachukua nini? Mtu haendi kwa watu mikono mitupu."

Ningemzuia. Nilifungua mdomo nimzuie. Kisha nikakumbuka chumba kile, nikaufunga.

Jumatano tukapanda. Tulitimia arubaini na kitu, mabuibui yamenyooshwa, wengine wamejifukiza udi kama waendao kwenye kupamba bibi arusi, sinia tatu za halua, birika mbili za kahawa, na mzee mmoja aliyestaafu bandarini, aliyesema yeye pia alikula bajia na karatasi ni shahidi. Kile chuma cha mlangoni hakikutengenezewa sinia. Mimi mwenyewe kilinishika buibui, kikanizungusha, kikanihesabu mara mbili. Mkutubi alitoka mbio kuja kuona ni zogo gani, akatukuta. Nikangoja aseme kwamba kumetokea makosa, kwamba karatasi ilikuwa ya wanafunzi waliobaki mjini likizo. Akainama kidogo, akanong'ona, "Karibuni. Kufika kwenu ndiyo furaha yetu. Halua ibaki hapa mlangoni, tafadhalini." Na sinia zikapangwa pale wanafunzi waachapo mikoba yao, akazipa namba kama mikoba.

Nawaapia, wanawake arubaini wa Mji wa Kale walikaa kimya. Akatutolea majalada ya picha za zamani za mji, akatutolea vitabu vya dawa za miti, akatuonyesha kwenye kompyuta jinsi ya kumtafutia mjukuu kitabu cha masomo bila kununua. Jirani yangu akaona picha ya kichochoro chetu, akasema mlango ule wa nakshi ni wa kwa babu yake. Mwenzake akasema ni wa kwa babu yake yeye. Ukazuka ugomvi mkali sana, wa kuoneshana vidole, wa kukumbushana arusi zilizoharibika, na wote kwa kunong'ona. Mzee wa bandarini alipewa kitabu cha winchi za meli, akatoa kalamu ya risasi mfukoni akaanza kukisahihisha. Mkutubi alipoona, akashika kifua. Lakini hakumnyang'anya. Alimletea karatasi nyeupe, akamwomba aandike makosa yote huko.

Hapo ndipo mkubwa alipoingia. Alikuwa amechagua likizo kwa makusudi, maana likizo hakuna asomaye, na nyuma yake alikuwa na fundi mwenye futi ya kupimia. Akasimama mlangoni. Akauliza, "Hawa ni akina nani?"

"Wasomaji, mheshimiwa," akasema mkutubi.

"Wa idara gani?"

Kabla hajajibu, jirani yangu akainua uso kutoka kwenye picha. "Idara ya Kibokoni," akasema. "Na tafadhali, baba, sauti. Watu wanasoma."

Mkubwa akamtazama mkutubi. Mkutubi akasema kwa ile sauti yake nene, "Uliniambia nikuonyeshe watu. Hukuniambia wa umri gani." Fundi alikuwa ameanza kuvuta futi, ikafika magotini pa bibi mmoja, bibi akaiangalia, naye fundi akaiachia, ikajikunja yenyewe ndani. Mkubwa akatoka. Njiani alipewa halua, akala, na kwa desturi yetu mtu aliyekula halua yako havunji nyumba yako wiki ile. Wiki ikawa mwezi. Chumba hakikukatwa. Wakaweka Jumatano iwe siku ya majirani, kwa maandishi, na mhuri.

Watu wa siku hizi husema vijana hawasomi, wakubwa hawajali, simu imeharibu dunia. Mimi sina ugomvi na simu. Ninayo, na mkutubi ndiye aliyenifundisha kuitumia kutafuta vitabu, ingawa kitabu kisicho na uzito bado sikiamini sana. Ninalolijua ni jingine. Kabla ya Jumatano ile nilikaa miaka kumi na saba nje ya maktaba, hatua chache tu, na sikuingia hata siku moja. Aliwahi kuniuliza kwa nini. Nilimwambia nimejaa mafuta. Uongo. Niliona aibu ya darasa la tatu. Nilidhani nyumba ya vitabu ina wenyewe, nao wana vyeti. Na wakati mimi naona aibu nje, yeye alikuwa ndani akihofia viti vitupu, na kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Kile chumba kilikaribia kufa kwa adabu yangu mimi.

Tulimzika Rabai Alhamisi. Idara ya Kibokoni ilikwenda basi zima, na mkubwa alikuwako, akatuamkia mmoja mmoja. Mjane alituambia kwamba mumewe nyumbani alikuwa akipiga kelele kuliko wote.

Sasa nasema na wewe usomaye. Mlango usioingiwa hauhitaji adui wa kuufunga. Hujifunga wenyewe, na watu wakapita wakisema haukuwa na faida. Kama karibu nawe kuna maktaba, ya chuo au ya mtaa, usijiulize kama umesoma vya kutosha kuingia. Panda ngazi. Hata kama huna unachotafuta, keti, uhesabiwe.