Nami wa Ghorofa ya Chini

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya North York, huko Kanada, miaka ya tisini, baridi ikikaza tulicheza kombolela koridoni, mapishi ya dunia nzima yakitupita puani. Mimi hata siku hizo nilikuwa mtu wa ndani. Nilijificha nyumbani kwetu, chini ya blanketi, nikala maandazi mpaka mchezo ukaisha. Sikukamatwa hata mara moja, na najivunia hilo.

Jina langu Tatu, kwa kuwa ni mtoto wa tatu. Wazazi wangu hawakutaka kuumiza kichwa. Darasani wakasikia "tatoo", wakataka niwaonyeshe nimechorwa wapi.

Rafiki yangu alikuwa Mjapani wa ghorofa ya chini. Siku ya kwanza kuja kwetu alibisha mlango. Mama, mwiko mkononi, akapaza sauti: "Nani?"

"Nami!"

"Nawe na nani? Taja jina, mtoto wewe!"

"Nami!"

Mama akafungua akitarajia utitiri wa watoto, akamkuta mmoja, mwembamba kama uzi. Nilipomweleza kuwa ndilo jina lake, alicheka hadi kanga ikalegea. Naye Nami alishangaa mama yangu kajifunzia wapi Kijapani, maana kwao "nani" ni "nini".

Na Nami kwao ni wimbi. Bibi yake ndiye aliyemwita hivyo, kwa kuwa mjukuu alizaliwa mji wa pwani. Nami alituandikia jina hilo kwa Kijapani, kwa kidole kwenye kioo cha dirisha kilichojaa mvuke wa maharage: upande huu alama ya maji, upande ule ya ngozi. Ngozi ya maji! Na mimi langu namba tu. Akanifariji kwamba kwao kuna jina Tatsu, yaani joka. Wiki nzima nilitembea nikipuliza moshi wa baridi puani.

Lakini mwalimu wetu alishaanza kumwita Nancy, eti ni rahisi, kana kwamba Nami ina mifupa. Mama yake naye alielekea kukubali, mradi mtoto apate wenzake. Jumatatu kibandiko kipya chenye jina hilo kingewekwa kwenye dawati lake. Alipotusimulia, andazi lilimshinda.

Mama akamwambia, "Mwanangu, kwetu jina lako ni 'na mimi pia'. Watu wakihesabiwa, wewe umo. Sasa huyo Nancy ndiye nani?"

Nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.

Jumatatu mwalimu akaita, "Nancy." Akarudia. Nami akasimama, masikio mekundu.

"Mimi ni Nami. Ni wimbi. Na kwa kina Tatu, ni 'na mimi pia'."

Mwalimu akakitazama kibandiko chake, akakitia mfukoni. Nilipiga makofi peke yangu, nikaambiwa nikae chini. Nilikaa kwa maringo.

Siku hizi mwanangu Baraka anajiita B. Herufi moja! Nikimuuliza zilizobaki kaziacha wapi, ananijibu kwa Kiingereza kwamba kuandika jina refu kwenye simu kunachosha vidole. Vidole! Sisi tulivaa glavu mbili mbili, tukayabeba majina yetu mazima kwenye theluji hadi shuleni, na jioni tukarudi nayo.