Tanuri la Mateka

Mama aliponunua shamba karibu na Bisil, alikuta rundo la mawe limefunikwa na miiba. Tukamwita fundi avunje, tuyatumie kwa msingi wa nyumba. Kabla hajaanza, jirani yetu, nyanya wa Kimaasai tunayemwita koko, akaja mbio na fimbo yake.

"Msibomoe! Hapo Waitaliano walikuwa wanapika mkate."

Alitueleza kwamba wakati wa vita kuu ya pili, Waingereza waliweka kambi ya mateka pale. Yeye alikuwa mtoto mdogo, na kila alipopita na mbuzi, mateka mmoja alimrushia kipande cha mkate juu ya seng'enge.

Mama akamwambia fundi aweke sururu chini. Mawe ya nyumba tungenunua Kitengela. Kwa siku tatu tulifyeka miiba na kuzoa mchanga, naye fundi akaziba nyufa kwa udongo bila kuhamisha jiwe hata moja. Jumamosi tukawasha kuni. Moshi ulipotoka vizuri upande wa nyuma, fundi alipiga makofi kana kwamba tanuri amelijenga yeye.

Mkate wa kwanza uliungua chini. Tulimpa koko sehemu ya juu, akatafuna polepole huku sote tukimtazama mdomo.

"Wao walikuwa wanaweka chumvi zaidi," akasema. "Lakini huu ni mzuri. Niko na wajukuu wengi, nitawaleta kesho."

Aliwaleta kumi na mmoja, na mama akakanda unga tena akiimba.