Chupa ya Uji ya Benta

Wasee, kila asubuhi nilikuwa naacha chupa imejaa uji. Kila jioni naipata tupu. Na bibi yangu anazidi kukonda.

Naitwa Otiende, tunakaa Kariobangi. Benta, mke wangu, alikuwa na kansa ya koo. Mionzi ilimchoma mpaka hata mate hayapiti, wakamwekea mpira wa kupitishia chakula tumboni. Chakula chake kikawa uji wa maziwa, unachujwa, anausukuma kwa sirinji mara sita kwa siku.

Daktari alisema wazi: uzito ukishuka chini ya kilo arobaini, mionzi inasimama.

Mimi nikaacha kujipikia kwa nyumba. Nitatafuna nyama aje mbele ya mtu hawezi kumeza? Nikawa nakula kibandani karibu na kazi, Industrial Area, nafika home nimeshiba na nimepangusa mdomo.

"Umekula?" ananiuliza.

"Sina njaa."

Kliniki, kilo arobaini na tatu. Halafu arobaini na moja. Nesi ananiangalia kama mimi ndio nakunywa huo uji.

Alhamisi moja kazi ikakosekana, nikarudi saa nne asubuhi. Nikampata amesimama kwa sinki, anamwaga uji polepole.

"Benta, unafanya nini?"

Hakushtuka hata. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, ikabidi nisongee.

"Nani anakupikia, Otiende?"

"Kunipikia aje?"

"Mwezi wa pili huu hujala kwangu. Mwanaume halali njaa miezi miwili. Kama ushapata mwingine, mimi nanenepea nani?"

Nikamwambia ukweli wote, kwamba niliona vibaya kula mbele yake.

"Si ungeniuliza," akasema, akaanza kulia.

Siku hiyo nikapika ugali na omena. Nikala hapo mbele yake, yeye akisukuma uji wake.

"Hiyo ugali ni mbichi," akasema. "Hata kwa macho naona."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu awekewe mpira.

Jumatatu mizani ikasema thelathini na nane. Mionzi ikasimamishwa. Benta hakumwaga tena hata tone, alijitahidi kweli kweli, lakini kansa haikungoja. Tulimzika mwezi wa nane.

Kama uko na mgonjwa wa mpira kwa nyumba, usijifiche ukila. Muulize yeye anataka nini. Zile kilo tano zilizomkosesha matibabu nilizitoa mimi, na nilikuwa nadhani namhurumia.